Nani kagusa nyuzi zangu?

Siku mbili nzima nimepanga chumba cha uani, hapa Makorora. Nyuzi za kufumia kwa rangi zake, ndani ya ndoo zenye mifuniko, maana kwa unyevu huu wa Tanga uzi wa pamba ukiuacha wazi unanuka uvundo.

Leo natoka sokoni, namkuta wifi kakata donge la bluu, anafungia chandarua! Bluu ya kumalizia kitambaa cha kochi kubwa.

"Si utanunua jingine, wifi?"

Jingine lipi? Uzi uliotiwa rangi mkupuo mwingine haufanani, hata lebo iandikwe bluu ile ile. Kitambaa kitatoka na kiraka.

Na sindano yangu ya kroshia, ya milimita 3? Kazibulia sinki. Ncha imepinda.