Kivuli cha kitambaa Goma: pesa iende kwenye nanga

Vivuli vingi vya kitambaa vinavyoharibika hapa Goma havichaniki katikati. Pembe ndizo hung'oka, au nguzo hulala. Mwenye parsele hulaumu turubai, kisha huenda kununua jingine zito zaidi, nalo upepo wa ziwani hulibeba vilevile. Mimi nasema nunua kitambaa cha kadiri, pesa inayobaki iende pale pembe nne zinapofungwa.

Tatizo la kwanza ni kwamba kwenye lava, mwamba wa volkano tunaojenga juu yake, shimo la nguzo halichimbiki, kwa hiyo watu hukimbilia nusu pipa lililojazwa zege na bomba kusimamishwa katikati. Pipa hilo lina kilo 200 na zaidi, linaonekana haling'oki. Lakini kitako chake hakifiki sentimita 60, na kitambaa kinavuta bomba kutoka kimo cha mita 2. Nguvu ya kilo 30 hivi inatosha kuliinamisha, na dhoruba huleta nyingi zaidi. Simenti yote hiyo kwa kazi ambayo mwamba wenyewe ungefanya bure!

Lava ngumu ndiyo nanga. Gonga kwa nyundo kwanza: jiwe zima hulia kwa mlio mkali, penye uwazi chini ya gamba husikika bubu. Penye jiwe zima toboa tundu la sentimita 30, likiinamia upande wa nguzo kadiri linavyoshuka, ili chuma kichwa chake kitazame mbali na kitambaa. Puliza vumbi lote, lowesha, jaza uji mzito wa simenti, kisha ingiza chuma cha zege cha milimita 16 kilichokunjwa pete juu. Vumbi likibaki, simenti hushika vumbi badala ya jiwe, na chuma kitatoka kizima siku ya upepo. Usikikaze kabla ya siku 7.

Nanga ikae mita 1.5 hadi 2 nyuma ya nguzo, kamba ikishuka kutoka kichwani mwa nguzo hadi kwenye pete. Nguzo ikivutwa pande zote mbili, kazi yake ni kubeba uzito wa kwenda chini tu. Ndiyo maana mti wa mkaratusi wa sentimita 10, ule unaoletwa kwa chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma), unatosha kabisa. Usihangaike na bomba.

Upande wa nyumba, bolti yenye pete ipite katika nguzo ya fremu na ikazwe nyuma kwa washa pana (kile kibati chenye tundu kinachokaa chini ya nati). Ubao wa ukuta wa nje haubebi kitu, wala ule unaoshikilia mfereji wa maji ya paa.

Tuseme kati ya ndoano na ndoano kuna mita 3 kwa 4. Kitambaa kilichomalizika kiwe kama mita 2.4 kwa 3.4, maana kila pembe inahitaji nafasi ya kukaza. Anayekata sawa na nafasi hukosa pa kukazia kitambaa kikilegea, na hulegea baada ya wiki ya kwanza. Kingo zisikatwe kwa mstari ulionyooka: zipinde kuelekea ndani sentimita 15 hadi 20 katikati, la sivyo zitapiga kelele usiku kucha. Kwenye pembe nne weka tabaka tatu na mkanda wa begi. Cherehani ya nyumbani haipiti hapo. Mpelekee fundi anayeshona viti vya pikipiki. Uzi uwe wa polyester. Nailoni na waya wa kufungia chuma havidumu chini ya mvua yenye tindikali ya volkano ya Nyiragongo, ile inayokula mabati yetu.

Mteremko sasa. Juu mita 2.8 au 3, chini mita 2, na pembe moja ya chini ishuke sentimita 20 zaidi ili maji yatoke sehemu moja, kwenye beseni. Bila mteremko, milimita 10 za mvua juu ya mita 8 za mraba ni lita 80 tumboni mwa kitambaa, yaani kilo 80.

Halafu kuna jua la magharibi, ambalo karibu kila mtu hulisahau. Saa kumi alasiri liko kwenye nyuzi 30 hivi, na ukingo wa kimo cha mita 2 hutupa kivuli chake mita 3 na nusu kuelekea mashariki. Ukifunga kitambaa juu ya viti sawasawa, jioni kivuli kiko kwa jirani. Kisogeze magharibi, au ning'iniza pazia upande huo.

Pembe za chini zifungwe kwa mkanda wa kukazia mizigo ya lori. Dhoruba ikija unaachia hizo mbili, unakunja kitambaa hadi ukutani na kukifunga hapo.