Tukatiwe Stima, Lakini Tuambiwe Saa

Rais William Ruto alipokiri mwaka 2025 kwamba baadhi ya sehemu za nchi hupunguziwa stima kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku, kulikuwa na swali moja jepesi la kuuliza: kwani tokeni tunanunua za nini? Ni swali la haki. Ila hasira ilielekezwa kwenye kule kukiri, na mimi naona kukiri ndiko kulikokuwa na faida. Kinachotutesa zaidi ni zile jioni ambazo stima hupotea na mtu hajui imekatwa au imeharibika, wala itarudi lini.

Kwa nini ikatwe hata kidogo? Mitambo ya nchi kwa jumla inapita megawati 3,000, na kilele cha matumizi mwaka 2025 kilivuka megawati 2,300. Kwenye karatasi inatosha. Lakini kilele huja jioni, jua limeshatua na sola hazitoi kitu. Upepo unaozungusha mitambo ya Ziwa Turkana huvuma upendavyo. Mabwawa ya mto Tana yanategemea mvua. Mahitaji yakizidi kinachozalishwa, masafa ya gridi, yaani kasi ya mapigo ya umeme kwenye mtandao wa nchi, huteremka chini ya hezi 50, na yakiteremka sana mitambo hujizima yenyewe, mmoja baada ya mwingine, ili isiungue. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, tulionja giza la nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na kwingine stima haikurudi mpaka kesho yake. Anayezima mitaa michache kwa saa mbili ili gridi isianguke anatuepusha na hayo. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Wanaopinga mgao wa stima kwa ratiba wana hoja nzito. Afrika Kusini ilianza kukata umeme kwa ratiba mwaka 2007, ikaja na viwango vya kukata vilivyopanda namba kwa namba, na mwaka 2023 ukawa mbaya kuliko yote. Ratiba haikuzalisha hata megawati moja. Ilichofanya ni kuwazoesha watu, na serikali ikiona watu wamezoea huacha kuharakisha kuongeza umeme. Tena wezi wa nyaya kule walijifunza kusoma ratiba: mtaa ukizimwa, waya hauna moto, wanaukata. Hoteli za Nyali na Bamburi, hapa Mombasa, nazo zitasema mgeni hapendi kusikia kwamba mji una mgao. Yote hayo ni kweli, na la wezi silidharau hata kidogo.

Lakini twende Kongowea, kwa muuza samaki. Friza iliyojaa, ikiachwa bila kufunguliwa, hushika baridi karibu saa 48 baada ya stima kukatika. Ikiwa nusu, saa 24. Friji ya kawaida, saa 4 tu. Hesabu hizi zinazungumzwa kama jambo la vifaa, na mimi nasema ni jambo la taarifa. Mwenye friza akijua kwamba stima itaondoka saa kumi na mbili na kurudi saa mbili, ataijaza mapema, ataweka chupa za maji zigande kwenye nafasi zilizobaki, atatoa samaki wa kuuza jioni hiyo, kisha hataigusa. Atakuwa na zile saa 48 zote. Asiyejua ataifungua mara kumi, kila mteja akija, kila akitaka kuona kama barafu imeanza kuyeyuka, na kila akifungua anajipunguzia mwenyewe. Friza ni ileile na stima imekosekana saa zilezile, ila mmoja amelala na mali yake na mwingine kesho anauza kwa hasara au anatupa. Sasa weka hapo joto la Februari na Machi, mwisho wa kaskazi, kipimo kimepita nyuzi 32. Mama karanga, yule mkaanga samaki, anayenunua samaki wa deni alfajiri hana akiba ya kufidia ndoo moja iliyooza. Mwenye jenereta hata hajui tunazungumzia nini.

Na anayeuza barafu za ukwaju, fundi wa kuchomelea, kinyozi, anayesaga unga, wote hao wanaweza kusogeza kazi. Hawawezi kusogeza kazi wasiyojua itakatizwa lini.

Husemwa kwamba mgao wa jioni hautabiriki, hivyo ratiba haiwezekani. Kwa dakika kamili, sawa. Lakini kilele chenyewe kinajulikana saa zake, na kampuni ya umeme tayari hutangaza kukatwa kwa ajili ya matengenezo, siku, saa na majina ya mitaa. Utaratibu upo. Siku ambazo umeme utatosha, mtaa uliotajwa usikatwe. Hakuna atakayelalamika kwa kuachiwa.

Kuna jingine ambalo wapinzani wa mgao wanalitaja kwa usahihi kisha wanalifikisha pasipo pake: kwamba mzigo utaangukia Kisauni, Likoni na Changamwe, huku mitaa ya wenye nafasi ikiachwa. Huenda. Lakini bila ratiba iliyochapishwa, mkazi wa Mtopanga atathibitisha vipi kwamba amezimiwa mara tatu na jirani hata mara moja? Ataambiwa ni hitilafu, transfoma, mti umeangukia waya. Ratiba ndiyo karatasi ya kwanza ambayo mwakilishi wa wadi anaweza kuishika mkononi na kuuliza mbona sisi tu.

Ningetaka pia kampuni ya maji ikae meza moja na ya umeme. Maji ya Mzima hushuka kutoka Tsavo kwa mteremko, lakini ya Baricho, kule mto Sabaki, yanasukumwa na pampu, na pampu zikisimama mifereji ya Mombasa hukauka hata baada ya taa kuwaka, kwa sababu bomba refu halijai mara moja. Ratiba ya stima ikitoka, ya maji itoke pamoja nayo, ili watu wakinge mapema.