Kina Kurasa Ngapi?

Leo tarehe 24, na kundi letu la kusoma vitabu bado linachagua kitabu cha mwezi huu. Nasema mwezi huu, huu tulionao, ambao umebakisha mkia tu. Nimeamka alfajiri, hata uso sijanawa, nakuta meseji 187. Moyo ukanipiga paa. Nikasema hapa kuna msiba. Nafungua, hajafa mtu. Watu wa Masasi na watu wa Lindi wamekesha wanabishana kama kurasa 200 ni nyingi au ni za kawaida.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Chikongola, hapa Mtwara mjini. Kundini niliingia Januari 2024, wala si kwa kupenda vitabu. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu wa Mikindani, alileta suruali nimpunguzie kiuno, akanitazama weee, akasema, "Fundi, kutwa umeinama. Si heri basi uwe unainamia kitabu?" Neno la mtu mzima hilo, na suruali yake ya kwanza nilikuwa nimeichelewesha wiki mbili. Ningemkatalia kwa uso gani? Nikampa namba, akaniunga kundini palepale.

Tuko watu 43. Kuna wauguzi, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), vijana wa bodaboda wa Tandahimba, wakili mmoja wa Lindi, bwana shamba wa Newala, na jamaa mmoja nisiyemjua sura wala kazi, ila kila kinachoandikwa yeye anajibu "Amina." Hata alipoulizwa kama ameshalipa mchango: Amina. Sheria zetu mbili tu. Kitabu kimoja kila mwezi, na picha za maua za kutakiana asubuhi njema marufuku. Maua tunayapata kila siku. Vitabu, tangu tuanze tumechagua vinne, tumesoma kimoja, nacho kilikuwa chembamba cha mashairi, na aliyekimaliza ni Mwalimu aliyekipendekeza.

Sasa niwaambie kinachonichosha. Mtu akipendekeza kitabu, hakuna anayeuliza kinahusu nini. Swali la kwanza, tena linaingia jina la kitabu halijakauka wino: "Kina kurasa ngapi?" Nimeshona miaka kumi na tisa, hajatokea mteja wa kuniuliza gauni lina mishono mingapi. Kijana mmoja wa bodaboda ana kipimo chake, kitabu kikizidi kurasa 120 anasema hilo tofali. Juzi kapewa cha kurasa 96. Akauliza maandishi yake makubwa au madogo.

Swali la pili: "Kuna pidiefu?" Hapo ndipo wakili anapoamka. Anarusha sauti ya dakika tisa kuhusu hakimiliki, jasho la mwandishi, na kwamba wizi ni wizi hata ukifanyika kwenye simu. Naisikiliza huku nakanyaga cherehani, naona haya kwa niaba ya waliouliza. Saa nne usiku kanifuata pembeni: "Fundi, ile pidiefu ukiipata nirushie."

La tatu ni kama kina sinema yake. La nne silisemi, lilitoka kwa mtu ninayemheshimu.

Mwezi huu Mwalimu ndiye aliyefungua. Akaleta Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Akaeleza vizuri, mtu aliyefundisha anajulikana tu: ni habari ya vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905 huko Umatumbini, hapo mkoa wa jirani wa Lindi, ukipanda basi la Dar vilima vyenyewe unaviacha mkono wa kushoto. Mambo ya babu zetu. Halafu ni fupi. Ilipotajwa fupi, vidole gumba vikamiminika. Nikajua leo tumemaliza, nikashika mkasi nifanye kazi. Akatokea bwana shamba: "Si ile ya maji ya kugeuza risasi? Mwisho wake naujua. Hazikugeuka."

Basi. Kundi likapoa kama uji wa jana. Watu wazima na akili zao wakasema tutafute kitabu ambacho mwisho wake hatuujui. Kwa hesabu hiyo hata ugali tusile.

Muuguzi wa Masasi akaleta Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971. Ikapata kura mbili, yake na ya shoga yake. Mwalimu, kwa nia njema kabisa ya kututahadharisha, akaandika kwamba kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Mama yangu! Aliandika hivyo baada ya magharibi. Inafika isha, kura 19. Watu ambao tangu Januari hatujawahi kuwasikia hata wakikohoa wakajitokeza. Jamaa wa Amina, kwa mara ya kwanza katika historia yake, akaandika sentensi kamili: "Kinapatikana wapi?"

Kilichotuangusha ni ukoo. Kusini huku, ukirusha jiwe kundini unampiga ndugu yako. Karani mmoja akaandika kwa adabu zote, "Samahanini wakubwa, mimi humu nina mkwe wangu." Kumbe hakuwa peke yake. Wakaanza kuhesabiana: huyu shemeji wa yule, yule ndiye aliyemfunda binti wa huyu unyagoni, wakili naye amemuoa mpwa wa Mwalimu. Sasa kitabu cha namna hiyo utakijadili vipi mbele ya mama mkwe? Utaanzia wapi? Mama mkwe mwenyewe akajibu kifupi, "Mimi nilishapiga kura." Kwa kipi, hakusema, na hakuna aliyethubutu kubonyeza aone. Kura zikaanza kudondoka moja moja kama mabibo.

Hapo katikati Mweka Hazina akaona upenyo. Yeye ana kitabu chake cha namna ya kuwa tajiri ndani ya siku arobaini, amekipendekeza kila mwezi tangu tuanze, na bado anakopa nauli. Safari hii kikaanza kupanda kimyakimya. Kura sita. Tisa. Kumi na moja. Kumbe anawafuata watu pembeni mmoja mmoja, anawawekea bando la mia tano. Karani wa AMCOS alipogundua akaandika kwa herufi kubwa tupu: HII NI KANGOMBA. Kwa wasiokaa huku, kangomba ni kumfuata mkulima kabla ya msimu, wakati ndani hana kitu, unamnunulia korosho yake kwa bakuli na kwa bei ya kumtania. Serikali inaikataza kila mwaka. Kundi likawaka, kila mtu analaani, na mimi nikalaani tena kwa ukali. Nililaani kwa bando hilohilo la Mweka Hazina.

Karani akasema basi tufanye mnada kama wa korosho. Kila mtu aandike ofa yake: kitabu gani, kurasa ngapi, kinapatikana wapi na kwa shilingi ngapi. Zifunguliwe siku moja, wote tuone, na wanakundi wasiporidhika mnada unarudiwa. Kosa lilikuwa hapo, kuwaambia watu wa Mtwara na Lindi kwamba wana haki ya kukataa. Tulikataa mnada wa kwanza. Tukakataa wa pili. Wa tatu tulikataa kabla haujafunguliwa.

Mnada wa pili ndio ulionitia hasara. Mezani nilikuwa na kitenge cha mama mmoja, nguo ya kumtolea mwali wake. Kwa kawaida kitenge unakikunja katikati, unachora mkono mmoja kwa chaki, unapitisha mkasi mara moja, unapata miwili, wa kulia na wa kushoto. Mimi siku hiyo simu ilikuwa inatetemeka pale mezani kama ina homa. Sikukunja. Nikachora mmoja, nikakata. Nikasoma meseji. Nikaandika "Napinga." Nikachora wa pili vilevile, bila kugeuza, nikakata. Nikasoma tena. Nilipokuja kuunga nikaona mbona maua ya mkono mmoja yanatazama ukutani. Nikageuza, bega likaja kwapani. Nimekata mikono miwili ya kushoto, na kipande kilichobaki hakitoshi hata kifuniko cha kikapu.

Mama yule hakupiga kelele. Aliinyoosha mikono yake yote miwili mbele yangu, akaniuliza taratibu, "Fundi, hebu nionyeshe huo wa kushoto mwingine upo wapi." Nimemlipa kitenge kizima. Kundi halikunichangia hata uzi.

Sasa asubuhi hii, baada ya meseji 187, Mwalimu akachoka. Akaandika: "Kuanzia leo, atakayependekeza kitabu awe amekisoma walau kurasa kumi, na atuambie jambo moja alilolikuta humo." Saa tatu hiyo. Jamani, kimya kilichofuata! Hata maua yalikoma. Saa nne, kimya. Saa tano nikazima simu nikaiwasha, nikidhani imeharibika. Watu 43 tuliokuwa na maoni juu ya kila kitabu duniani tukageuka mikorosho, tumesimama tu.

Na kitabu mimi ninacho. Kipo juu ya meza ya kukatia, hakinipi usingizi. Ni Peponi, ya Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepata Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza ikatoka 1994, na 2022 Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili. Tulikichagua mwezi wa nne mwaka ule wa kwanza, baada ya ugomvi wa wiki mbili, kwa sababu nusu ya kundi walitaka tukisome kwa Kiingereza, ndiko kwenye utamu wenyewe, wanasema. Hao Kiingereza chao nakijua, kinaishia kwenye kukata simu. Tukashinda wa Kiswahili. Sita tukachangishana tuletewe kwa basi kutoka Dar. Hapo ikawa Mei 2024, Kimbunga Hidaya, mvua zile, barabara ikakatika Somanga, na vitabu vyetu vikakaa huko upande wa pili na nyanya za watu. Vilipofika, kundi lilikuwa limeshachagua kitabu kingine. Tangu hapo changu nakigandamizia kitambaa kisiteleze wakati wa kukata, na kwa kazi hiyo, nakisifu, hakina mpinzani.

Ila siku za karibuni nimekuwa nakikosa. Jioni kipo, asubuhi hakipo, adhuhuri kimerudi. Nikadhani watoto.

Leo adhuhuri mama watoto kaniletea chakula kibandani, ming'oko na samaki wa kukaanga. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akakichukua kitabu mezani bila kuangalia, kama mtu anavyochukua kiatu chake, akakifungua. Humo kuna kipande cha kitenge, kile cha mikono miwili ya kushoto, amekiweka alama. Mimi natafuna namtazama. Mara akaguna.

"Kumbe yule tajiri si ndugu yake."

"Tajiri gani?"

"Huyu Aziz. Mtoto anajua anapelekwa kwa ndugu, anapanda treni anafurahi. Kumbe baba yake anadaiwa. Mtoto ndiye deni."

"Mama watoto, usiniharibie kitabu!"

Akanitazama juu ya kitabu. "Nikuharibie? Wewe unakisoma au unakatia nguo?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshafuta mafuta ya samaki kwenye kidole gumba na nimeshika simu. Nikaandika kwa utulivu wa msomi: "Ndugu wanakundi, habari za adhuhuri. Napendekeza turudi kwenye Peponi. Katika usomaji wangu nimebaini kwamba yule tajiri Aziz, ukimtazama kwa makini, si ndugu wa yule mtoto. Mtoto ni malipo ya deni la baba yake."

Ndani ya dakika moja kundi likafufuka. Vidole gumba, makofi, moto. Wakili akaandika, "Fundi, hapo umechambua." Muuguzi akasema yeye alijua siku zote mafundi wana akili. Kijana wa bodaboda akauliza kina kurasa ngapi, wakamfokea wote kwa pamoja. Jamaa wa Amina akasema Amina. Nikajisikia nimenyooka mgongo, kwa mara ya kwanza tangu niijue cherehani.

Halafu nikaona juu pale: Mwalimu anaandika. Anaandika. Akaacha. Anaandika tena.

"Hongera sana fundi. Kundi zima lijifunze kwako. Hilo umelikuta ukurasa wa ngapi?"

Nikageuka. Mama watoto ameshakifunga kitabu, amekiweka mapajani na mikono yote miwili ameiweka juu yake.

"Ukurasa wa ngapi?" nikamnong'oneza, utadhani Mwalimu ananisikia kutoka Mikindani.

"Kwanza hela ya mboga ya jioni," akasema. "Na mkaa umeisha."