Kompyuta Yangu Haitoki Njaanuari

Siku kumi na moja mfululizo, kila nilipoiwasha kompyuta yangu mpya, iliniambia leo ni tarehe 1 Januari 2017.

Hebu fikiria mzigo huo. Mwaka 2017 ndio ule sisi Wakenya tuliopiga kura ya urais mara mbili, Agosti na tena Oktoba, baada ya Mahakama ya Juu kuifuta ile ya kwanza. Yaani mimi kabla ya kunywa chai nimesharudishwa kwenye mstari wa alfajiri na wino wa kidoleni, mara mbili, na sijui nitamwambia nini mwajiri aliyenipa ruhusa mara ya kwanza. Ningevumilia, maana mwaka huo angalau kulikuwa na unga wa ruzuku, shilingi 90 pakiti ya kilo mbili. Lakini unga ule ulikuja Mei, na kompyuta yangu haifiki Mei. Haifiki hata Januari pili! Nikiizima usiku, kesho inaanza tena Januari mosi. Imekwama Njaanuari, mwezi wa karo na madeni, na nililipa elfu thelathini na nane ili nikwame nayo.

Niliinunua Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi. Yule kijana wa duka aliniita "mkubwa" hadi pesa zilipoingia kwenye simu yake, kisha nikawa "mzee". Nikamuuliza kama kweli ni mpya. Akasema, "Mzee, hii si eksi-yuke, mtumba wa Uingereza. Hata nailoni hatujatoa." Sasa nimejifunza kwamba mpya maana yake ni kuwa hakuna Mwingereza aliyewahi kuitumia. Ilikaa wapi na miaka mingapi, hilo si swali la kuulizwa dukani. Niliipakata kwenye boda boda hadi Umoja kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali, na yule mwenye boda hakukosa shimo hata moja la Jogoo Road.

Jioni nikaiunganisha, familia yote imekaa kama inangoja tangazo la bajeti. Nikabonyeza. Skrini nyeusi. Halafu: tii! tii! tii!

"Baba Shiko, tokeni!" akasema Mama Shiko, hajanyanyua hata kichwa, maana mita yetu hulia hivyo hivyo umeme wa kulipia kabla ukikaribia kuisha.

Na mimi, mtu mzima, nikatoa simu nikanunua stima ya mia mbili. Nikaingiza zile nambari ishirini, tii! tii! tii! inaendelea. Jirani wa chini naye akanunua zake, maana ukuta wetu hauna siri. Tulipoiendea mita, tukaikuta imetulia, taa yake inametameta kwa amani, haina habari na mtu. Kumbe anayelia ni mgeni.

Kijitabu kilichokuja nayo kilinieleza, kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi, kwamba mashine ikiwashwa hujipima kwanza yenyewe. Isipoiona ramu, yaani kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, haiwezi hata kukuonyesha neno kwenye skrini, kwa hiyo hulia tu. Kama mtoto mchanga. Nikafungua kasha. Kipande kimoja cha ramu kimelegea kama jino la Shiko. Juu ya hayo, nafasi ni nne, na kijitabu kinasema vipande viwili vikae ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa, yaani ubongo wa mashine. Fundi wa duka alivipanga alivyopenda, kama abiria wa matatu. Nikavitoa, nikasugua yale meno yake ya dhahabu kwa raba ya Shiko, ile ya umbo la stroberi (amenidai raba hiyo hadi leo), nikavirudisha penye nafasi zake na kusukuma hadi vikalia ta! Kilio kikakoma. Nililala usiku huo nikijiona injinia.

Asubuhi, maandishi kwenye skrini: hitilafu ya feni ya prosesa, bonyeza kitufe cha F1. Na chini yake: tarehe na saa hazijawekwa, bonyeza F1.

Feni ninaiona! Inazunguka, inanipulizia usoni, na mashine inaapa kwamba haipo. Nikabonyeza F1, ikawaka vizuri tu, ikanipeleka 2017. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaiamuru isahau habari za feni, nikaweka tarehe, nikahifadhi. Kesho yake, feni haipo, leo ni Januari mosi, bonyeza F1. Mipangilio yote imefutika. Nikaweka tena. Ikasahau tena. Ndugu zangu, nina binamu wa namna hii, lakini binamu sikumnunua.

Tarehe si kitu kidogo. Ukifungua tovuti, tovuti huonyesha cheti chenye siku ya kutolewa na siku ya kuisha. Mashine iliyo 2017 ikikiona cheti cha mwaka huu inakiona hakijazaliwa, basi inakataa, inakuonya kwamba unataka kuibiwa. Na mbaya zaidi ni ankara. Mimi hukodisha hema na viti vya sherehe. Nilimpelekea mteja mmoja ankara bila kuangalia, ikaenda na tarehe ya 1 Januari 2017. Akanijibu kwa upole sana kwamba kisheria deni la mkataba likipita miaka sita halidaiki mahakamani. Viti vyangu alikuwa amevirudisha Jumamosi iliyopita!

Siku ya tisa nikaibeba hadi Luthuli. Yule kijana akaiwasha. F1, tarehe. Akaweka tarehe, akaiamuru isahau feni, akaizima, akaiwasha. Tarehe sawasawa. Akaizima tena, akaniagizia soda, tukakaa nusu saa. Akaiwasha. Sawasawa! Hata lile lalamiko la feni halipo, maana mpangilio ulishika.

"Mzee, mashine haina shida. Labda ni nyumba yako."

Nyumba yangu! Wateja wakanigeukia kama mtu anayetoka kwenye nyumba ya majini. Nikaondoka na kasha langu begani, na soda nikaiacha nusu kwa hasira, jambo ninalolijutia.

Usiku huo nikamtazama Mama Shiko akifanya ziara yake ya kulala. Jiko, gesi, komeo, na mwisho swichi zote za ukutani: tap, tap, tap. Hata ya kompyuta. Kwake yeye, soketi iliyoachwa wazi inavujisha tokeni kama bomba. Ndipo nilipopigwa na jambo. Kompyuta iliyozimwa, mradi swichi ya ukutani iko wazi, bado inapata umeme kidogo wa kuendeshea saa yake na kukumbuka mipangilio. Pale dukani hawazimi ukutani kamwe! Ni umeme wa ukuta ukikatika ndipo ile betri ndogo kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, hutegemewa. Na betri yetu imekufa. Kwa hiyo kijana wa Luthuli alisema kweli, shida ni nyumba yangu, na mimi ningependa jambo hilo libaki kati yetu.

Betri yenyewe inaitwa CR2032, kama sarafu, upana milimita 20 na unene milimita 3.2, na jina lake limetoka humo humo. Fundi wa saa anayekaa kando ya barabara ya Tom Mboya aliipima ile ya zamani. Inapaswa kuwa volti 3. Hiyo ilikuwa 1.9. "Hii ilikaa stoo sana, mzee," akasema. Akaniuzia nyingine kwa mia moja. Mia moja! Nikaiweka, na kwa kuwa nilikuwa ndani ya kasha, nikagundua waya wa feni umechomekwa kwenye pini za feni ya kasha badala ya pini za feni ya prosesa. Nikauhamisha.

Ikawaka kimya. Hakuna F1. Tarehe 30 Juni, saa tatu na nusu usiku. Siku ya mwisho ya kufaili ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato, na ukichelewa faini haipungui elfu mbili. Tovuti ikafunguka bila kunitilia shaka. Nikaanza kujaza, kifua mbele.

Tii! tii! tii!

"Tulia," nikamwambia Mama Shiko, aliyekuwa ameanza kuinuka. "Hiyo ni ramu. Lugha yake naijua."

Nikainama na raba ya stroberi mkononi, nikafungua kifuniko. Nikabonyeza kipande cha kwanza, kimekaza. Nikabonyeza cha pili, kimekaza. Tii! tii! Shiko akasema, "Baba, inalia kwa mlango." Nikamwambia aache watu wazima wafanye kazi.

Giza. Nyumba nzima, tap, moja kwa moja.

"Baba Shiko," sauti ikasema gizani, polepole, "ulinunua tokeni lini?"

Na mle ndani ya kasha, najua, betri ya mia moja ilikuwa ikihesabu dakika bila kukosea hata moja, inaelekea usiku wa manane.