Huenda kinacholegea si utando

Chukua kipande cha nyama mbichi, ukitenganishe polepole kwa vidole. Kati ya fungu moja la msuli na jingine utaona utando mweupe, mwembamba, unaong'aa na kunata kidogo. Wataalamu huuita fashia. Mwilini mwetu utando huo umeuzunguka kila msuli, umepenya hadi ndani yake, na kuuunganisha na misuli ya jirani. Mahali pengine ni laini. Mahali pengine, kama ubavuni mwa paja na chini ya unyayo, ni mgumu kama mkanda wa ngozi.

Masaji ya kulegeza utando wa misuli imesimama juu ya dai kwamba utando huo hukaza na kushikana kwa sababu ya jeraha, upasuaji au kukaa mkao mmoja siku nyingi, na kwamba mikono inaweza kuuachanisha. Jina la tiba hii lilianza kutumika kwenye kozi ya Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, mwaka 1981, lakini wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Ida Rolf, mwanabiokemia aliyefariki mwaka 1979, alikuwa ameshalifundisha kwa miaka mingi.

Kitandani mambo huenda taratibu. Mafuta hayapakwi, au hupakwa kidogo sana, kwa kuwa mkono hautakiwi kuteleza. Mkandaji anaweka kiganja kimoja kiunoni, kingine chini kidogo ya mbavu, anavuta ngozi pande mbili mpaka inapogoma, kisha anatulia hapo. Inapita dakika moja na nusu, mbili, wakati mwingine hata tano. Halafu kitu kinaachia: kiganja kinasogea chenyewe na anayekandwa anashusha pumzi ndefu. Hisia hiyo ni ya kweli, na sioni sababu ya kumbishia mtu aliyeipata. Ubishi uko kwenye swali la ni nini kilichoachia.

Wanaosema ni utando wana kikwazo kikubwa. Utando mgumu umejaa kolajeni, yaani protini yenye nyuzi imara, na kolajeni haivutiki kirahisi. Mwaka 2008 watafiti walipiga hesabu ya nguvu inayohitajika kuubadilisha umbo utando wa ubavuni mwa paja na wa unyayoni, hata kwa asilimia 1 tu. Waligundua kwamba nguvu hiyo inazidi ile ambayo mwili wa kawaida unaweza kuihimili. Hakuna mkandaji anayesukuma hivyo, na asithubutu. Ni utando laini tu, kama ule wa puani, ulioonekana kuweza kubadilika kwa mkono.

Lakini wanaoutetea utando nao wana hoja ninayoiheshimu. Utando una matabaka, na baina ya matabaka hayo kuna majimaji mazito yenye asidi ya hayaluroni, yanayoyawezesha kuteleza moja juu ya jingine. Mwaka 2011 mtafiti Helene Langevin na wenzake walipima kwa ultrasaundi utando wa mgongoni. Kwa watu wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, matabaka hayo yaliteleza pungufu kwa takriban asilimia 20 yakilinganishwa na ya watu wasioumwa. Huo ni ushahidi kwamba kuna kitu kimebadilika kwenye utando. Hautuambii, hata hivyo, kipi kilitangulia: anayeumwa kiuno huogopa kuinama, na kisichosogezwa hukakamaa.

Mimi naegemea upande wa neva. Utando una neva nyingi zinazohisi mguso na mvuto. Mgandamizo wa polepole unazipelekea taarifa za utulivu, uti wa mgongo na ubongo vinapunguza ulinzi, na msuli unaacha kujibana. Mtazame mtu anayejibingirisha juu ya rola ya sponji: paja linapata wepesi papo hapo, na muda si mrefu wepesi ule unayeyuka. Kama utando ungekuwa umerefuka kweli, ungeendelea kuwa mrefu kesho yake.

Kuhusu matokeo, mapitio ya mwaka 2015 yalikusanya majaribio 19 yaliyogawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Ubora wa majaribio ulitofautiana, na majibu pia. Dalili nzuri zaidi zimeonekana kwa wenye maumivu sugu ya kiuno, wenye maumivu ya kisigino, na wagonjwa wa fibromialjia, yaani maumivu sugu ya mwili mzima, ambao baadhi yao maumivu yao yalipungua na wakalala vizuri baada ya wiki kadhaa za tiba. Aliyevunjika mfupa, mwenye kidonda kibichi au mguu uliovimba ghafla na kupata joto, asikandwe: mguu wa namna hiyo unaweza kuwa na damu iliyoganda. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye mifupa dhaifu na mgonjwa wa saratani wazungumze kwanza na daktari wao.

Kinachoniuma ni maneno yanayoambatana na tiba. Mgonjwa akishaambiwa kwamba mgongo wake umeshikana na unahitaji kufunguliwa kila wiki, anaondoka na hofu ambayo hakuja nayo. Anaanza kuuogopa mwili wake na kumtegemea mtu mmoja mwenye mikono. Mtaalamu wa fiziotherapia anayeijua kazi yake humwambia jambo jingine: maumivu yamepungua kwa saa chache, basi tuzitumie. Anamsimamisha palepale, anamfanyisha mazoezi ya kuinama na kunyanyua, na kumpa ya kufanya nyumbani. Mikononi mwa mtaalamu wa namna hiyo naona masaji hii inafaa sana, hata kama maelezo ya utando yatakuja kuthibitika kuwa si sahihi.

Kwa hiyo kipimo kiwe kitendo kimoja ambacho mgonjwa amekichagua mwenyewe, tuseme kuinama kufunga kamba za viatu. Wiki nne zikipita na bado anakunja uso kila anapoinama, kuongeza nguvu za kiganja si jibu, achunguzwe upya. Na ganzi ikiingia mapajani kwa ndani, au mkojo ukianza kumtoka bila kujua, asisubiri hata siku moja: aende hospitali.