Kipimo cha HER2 kije kwanza, dawa ifuate

Kila saratani ya matiti inapozungumzwa, swali ni bei ya trastuzumab, dawa ya kutibu baadhi ya saratani hizo. Ni swali la haki, maana dawa ni ghali mno. Ila naona kuna jambo linalopaswa kutangulia: kupima kama uvimbe una HER2 nyingi, protini ambayo dawa hiyo huishika.

Trastuzumab ni kingamwili, yaani protini ya kinga inayoshika shabaha moja. Kingamwili ni molekuli kubwa, haipenyi kirahisi ndani ya seli. Ndiyo maana watafiti huwinda protini zilizojitokeza nje, kwenye utando, HER2 ikiwa mojawapo. Mwaka 1987 daktari Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba jeni ya HER2 ikijirudia mno kwenye uvimbe, ugonjwa hurudi mapema. Kampuni ya Genentech, California, ikawachanja panya kwa seli zilizojaa HER2. Seli za wengu za panya hao zikaunganishwa na seli za saratani zisizokoma kuzaliana, mbinu ya wanasayansi Köhler na Milstein ya 1975, na humo ikapatikana kingamwili 4D5. Kwa kuwa mwili wetu hushambulia protini ya panya, walibakiza vile vipande vidogo vinavyoshika HER2, kwingine kote wakaijenga kwa mfano wa kingamwili ya binadamu; hiyo ndiyo trastuzumab. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1998.

Jaribio la dawa hiyo liliwachukua wagonjwa wenye HER2 nyingi peke yao. Hao ni kama asilimia 15 hadi 20 ya wenye saratani ya matiti. Wangechanganywa wote, nafuu yao ingefunikwa na wengi wasioweza kufaidika.

Kuwatambua ni kazi ya mikono. Nyama ya uvimbe iliyokatwa iingie kwenye fomalini, dawa ya kuihifadhi isioze, ndani ya saa 1, ikae humo saa 6 hadi 72. Baadaye hukatwa vipande vyembamba na kutiwa kingamwili nyingine inayoshika HER2, pamoja na rangi. Alama ya 3+, ya juu kabisa, haijifichi: kahawia nzito imezunguka seli baada ya seli, kama wavu wa banda la kuku. Ikiwa 2+, jibu lisilo wazi, jeni nayo lazima ipimwe. Nyama iliyosahauliwa mezani inaweza kutoa jibu la uongo, na mama akakosa dawa iliyomfaa kabisa.

Shirika la Afya Duniani liliiweka trastuzumab kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na nilifurahi sana. Sasa nataka serikali zetu za Afrika Mashariki, zinapotenga fedha za dawa hii, zitenge papo hapo za fomalini, mafundi wa maabara na wanapatholojia, madaktari wanaosoma vipimo hivyo, tena hadi hospitali za mikoani ambako upasuaji mwingi hufanyika.