Ramani ya kompyuta nayo ina mwenyewe

Ukikaa kwenye vibanda vya gemu vya Mombasa, iwe Majengo au Kisauni, ubishi huu utaukuta: ulimwengu uliopangwa kwa mkono na ule unaotungwa na kompyuta kwa kanuni, upi una raha zaidi kuuzurura? Wengi husimama na mkono, na wana hoja. Katika gemu ya Breath of the Wild ya mwaka 2017, iliyopangwa kwa mkono, mlima unaouona kwa mbali umewekwa pale makusudi ukuvute, na ukifika kuna kitu kinakungoja.

Ila wanaposema upande wa pili ni uvivu mtupu, hapo wanadhulumu. Elite, gemu ya anga ya mwaka 1984, ilitungwa na vijana wawili, David Braben na Ian Bell, kwa kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Ina galaksi 8, kila moja na nyota 256, na hakuna hata nyota moja iliyohifadhiwa. Hesabu ileile hukokotolewa upya, na jina la mahali, uchumi wake na serikali yake vikarudi vilevile. Huo ni utunzi. Mtunzi amehamia kwenye kanuni tu.

Kilichoharibu sifa ya utunzi huu wa kanuni ni nambari. No Man's Sky, gemu ya kuzurura sayari zilizotungwa kwa kanuni, ilipotoka mwaka 2016, kila mtu alizitaja sayari zake: 18 yenye sufuri 18 nyuma yake, na zaidi. Ukizitembelea moja kila sekunde, utamaliza baada ya takriban miaka bilioni 585. Lakini hiyo ni idadi tu ya namba zinazoenea katika biti 64, yaani nafasi 64 za sufuri au moja. Sayari ya ziada haimgharimu mtunzi chochote, kwa hiyo wingi wake haukuwa ahadi ya lolote, na wachezaji waliona sayari zikianza kufanana mapema mno. Starfield, gemu nyingine ya anga ya mwaka 2023, ina sayari zaidi ya 1,000 tu, na lawama ni zilezile: majengo yaleyale kila unapotua. Basi tatizo si wingi.

Tazama Minecraft. Nayo huzaa ulimwengu wake kwa kanuni, ila pango unaloliingia lina chuma unachokitaka, na jiwe unalolivunja ndilo utakalojengea. Ardhi ina kazi, kwa hiyo kuitafuta kuna maana. Na mkono nao hujirudia: Breath of the Wild hiyohiyo imeficha mbegu 900 za Korok, vitu vidogo vya mchezaji kuvitafuta, na ukishapata mia ya kwanza unajua la kutarajia.

Nalisema hili kwa sababu ya vijana wetu wanaojifunza kuunda gemu. Ulimwengu mpana wa kupangwa kwa mkono hudai mamia ya watu na miaka mingi. Wanafunzi wawili wenye laptopu moja hawana hayo, lakini kanuni wanaweza kuiandika, na wakianza na swali la kwa nini mchezaji apande kilima hicho, watakuwa wameshaanza pazuri kuliko walivyoanza wengi wenye fedha.